Maabara ya Kasapa: Historia ya Masomo ya Biomedikali Mjini Lubumbashi

Sayansi za biomedikali, yaani zile elimu zinazochunguza mwili wa binadamu, vimelea vinavyoudhuru na dawa zinazouponya kwa njia ya vipimo vya maabara, zina umri mrefu mjini Lubumbashi kuliko watu wengi wanavyodhani, ilhali shahada ya uzamili katika elimu hizo, ambayo wanafunzi wa mji huo huiita masta, ni jambo changa mno. Tangu mji ulipoasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, damu, mkojo na hata maiti za wakazi wake zilipimwa, na sampuli na kumbukumbu zake zikasafirishwa kwenda Ubelgiji. Mkongo wa Katanga, hata hivyo, alisubiri karibu nusu karne kabla ya kufunguliwa mlango wa chuo kikuu katika mji wake, na miongo mingine zaidi kabla ya kuuliza maswali yake mwenyewe kwa lugha ya sayansi hiyo. Historia ya shahada hii kwa hiyo ni historia ya watu waliotoka katika hali ya kupimwa wakaingia katika kazi ya kupima, na haiwezi kuelezwa bila kuanzia kwenye shaba.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli iliyotoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Lubumbashi likaanza kumimina shaba yake ya kwanza. Wafanyakazi waliajiriwa kutoka mbali, wengine katika vijiji vya Katanga na Kasai, wengine katika nchi ambayo leo ni Zambia, na kuanzia miaka ya 1920 wengine wakatolewa Rwanda na Burundi, wakajazwa katika kambi ambamo homa ya mapafu, kuhara damu na, mwaka 1918, homa kali ya mafua viliua wengi. Tabibu katika mazingira hayo aliajiriwa kwanza ili mgodi usikose mikono, na hili halina budi kusemwa waziwazi, kwa kuwa lilipanga ni magonjwa gani yangechunguzwa na yapi yangeachwa. Mwaka 1910 ulileta pia ujumbe wa kisayansi wa Katanga ulioongozwa na Jérôme Rodhain, tabibu aliyekuja kuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa tiba ya nchi za joto, ambao hadi mwaka 1912 ulichunguza ugonjwa wa malale na mbung'o wanaoueneza kwa wanyama na watu. Miaka michache tu kabla yake, David Bruce alikuwa amethibitisha nchini Uganda kwamba malale huletwa na kimelea kinachobebwa na mbung'o, na J. E. Dutton, mchunguzi kutoka Liverpool, alikuwa amefariki Kasongo mwaka 1905 kwa homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza. Nchi za Waswahili wa ndani zilikuwa zimekwisha kuwa uwanja wa utafiti wa kimataifa, ingawa wenyeji wake walitajwa humo kama wabeba mizigo au kama wagonjwa tu.

Elimu ya vimelea iliingia hata katika ramani ya mji. Kwa hoja kwamba mbu hawezi kuruka mbali, watawala waliacha ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika, wakaubomoa mtaa wa kwanza wa wenyeji uliokuwa karibu mno, na kuwahamishia wakazi wake mahali ambapo leo panaitwa Kamalondo. Hoja ilikuwa ya malaria na matokeo yakawa ya ubaguzi wa rangi, na atembeaye leo kutoka katikati ya mji kwenda Kamalondo bado anauona mkono wa wapangaji wale katika mpangilio wa barabara na majengo.

Badiliko kubwa lilitokea mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière ilipoacha kutegemea vibarua wa muda mfupi na kuanza sera ya kuwakalisha wafanyakazi mahali pamoja, wao na familia zao, sera ambayo mtetezi wake mashuhuri alikuwa tabibu Léopold Mottoulle. Kambi zikapata zahanati, hospitali, mahali pa kuwapima watoto uzito na kugawia chakula, na vifo vikapungua sana. Lakini jambo lenye uzito zaidi kwa historia ya elimu ni kwamba mashine hii ya afya haikuweza kuendeshwa na Wabelgiji peke yao. Ilihitaji vijana wa Kikongo wa kufunga vidonda, kuchoma sindano, kuchukua tone la damu kidoleni, kulipaka juu ya kioo, kulitia rangi na kulitazama kwa hadubini hadi kimelea cha malaria au cha malale kionekane. Wauguzi na wasaidizi hao ndio wenyeji wa kwanza wa Katanga waliofanya kazi ya biomedikali, na ni haki kuwahesabu hivyo, ijapokuwa hawakupewa shahada yoyote na majina yao hayakuandikwa juu ya makala za kitaalamu zilizotokana na macho yao.

Ukomo wa elimu yao uliwekwa kwa makusudi. Utawala wa Kibelgiji ulifundisha wasaidizi wa matibabu, kada iliyokuwa juu ya muuguzi na chini ya daktari, lakini kabla ya kufunguliwa kwa chuo kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954 haukumpa Mkongo njia ya kuwa daktari nchini mwake. Jason Sendwe, ambaye jina lake limepewa hospitali kubwa ya umma ya Lubumbashi, ni mfano wa kizazi hicho, kwani alifanya kazi ya utabibu wa ngazi ya chini kabla ya kuingia katika siasa, kuongoza chama cha Balubakat na kuuawa Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, mwezi Juni 1964. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Lovanium ilikuwa bado haijatoa daktari wake wa kwanza. Shirika la Afya Duniani lililazimika kuleta matabibu wa kigeni kujaza pengo, na wakati huohuo likawapeleka makumi ya wasaidizi wa matibabu Ufaransa wakakamilishe masomo ya udaktari, jambo lililodhihirisha kwamba watu wenye uwezo walikuwapo muda wote na kilichokosekana kilikuwa ruhusa.

Ni katika miaka hiyohiyo ya kungoja ruhusa ndipo vichaka vya kandokando ya Élisabethville vilipoipa sayansi ya dunia moja ya nyenzo zake muhimu. Ignace Vincke, tabibu wa Kibelgiji aliyechunguza malaria ya Katanga, aliona mapema katika miaka ya 1940 kwamba mbu wa jamii ya Anopheles dureni, wanaoishi katika misitu myembamba inayofuata vijito vya Katanga ya Juu, walikuwa na mbegu za kimelea cha malaria ndani ya tezi zao za mate, ingawa mbu hao hawakuwa wakitegemea damu ya watu. Damu iliyokutwa tumboni mwao ilipopimwa ilielekeza kwa wanyama wagugunaji, na msako ulioendelea kwa miaka kadhaa ulifika mwisho mwaka 1948 huko Kisanga, ambako Vincke na mwenzake Marcel Lips walikikuta kimelea hicho katika damu ya panya wa vichakani anayekaa juu ya miti. Walikiita Plasmodium berghei kwa heshima ya Profesa Louis van den Berghe, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti wa kisayansi ya Afrika ya Kati, ile iliyojenga makao yake Lwiro katika Kivu.

Thamani ya ugunduzi huo ilitokana na jambo moja. Malaria ya binadamu haiwaambukizi panya wa maabara, hivyo kabla ya mwaka 1948 mtafiti aliyetaka kujaribu dawa mpya alitegemea zaidi malaria ya ndege, iliyo tofauti sana na ya watu, au nyani wa gharama kubwa, au wagonjwa wenyewe. Kimelea cha Kisanga kilikubali kuishi katika panya weupe wanaofugwa maabara kote duniani, na kwa mara ya kwanza malaria ya mnyama anyonyeshaye ikawa ndani ya uwezo wa maabara ndogo. Hata hivyo kwa miaka mingi kiliweza kuhamishwa kwa sindano tu, kutoka damu hadi damu, kwa sababu watafiti wa Ulaya na Marekani walipojaribu kukikuza ndani ya mbu walishindwa. Jibu lilikuwa katika hali ya hewa ya Katanga. Lubumbashi iko juu ya uwanda wenye kimo cha takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, misitu ya vijito vyake ina ubaridi, na Meir Yoeli pamoja na wenzake wa New York walionyesha katikati ya miaka ya 1960 kwamba mbu wakiwekwa katika joto la nyuzi 21 hivi, badala ya joto kali lililodhaniwa kuwa la lazima kwa kila malaria ya Afrika, kimelea hukamilisha safari yake ndani yao. Haya ni mafundisho ambayo kila mwanafunzi wa Lubumbashi angepaswa kuyapata katika mwaka wake wa kwanza, kwamba baridi ya asubuhi za Katanga, ambayo kila mtu wa mji anaijua, ndiyo iliyokuwa imefichwa ndani ya fumbo lililowashinda mabingwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi nje ya Kongo kuliko ndani. Mwaka 1967, Ruth Nussenzweig na wenzake katika Chuo Kikuu cha New York walitangaza kwamba panya waliochomwa mbegu za berghei zilizodhoofishwa kwa mionzi ya eksrei walipata kinga dhidi ya maambukizi ya baadaye. Katika kuitafuta sababu ya kinga hiyo, wanasayansi waliifikia protini inayofunika ngozi ya mbegu za malaria, na protini ya aina hiyo, ile ya kimelea cha binadamu, ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa kwa watoto wa Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Oktoba 2021. Uzao mwingine wa berghei, ulionaswa katikati ya miaka ya 1960, uliitwa ANKA, jina lililounganishwa kutoka Antwerpen, mji wa Ubelgiji wenye taasisi ya tiba ya nchi za joto, na Kasapa, eneo la pembezoni mwa Lubumbashi. ANKA husababisha kwa baadhi ya panya dalili zinazokaribiana na malaria inayopanda kichwani, ile inayoua watoto wengi, na kwa sababu hiyo wanafunzi wa uzamili huko London, Singapore au São Paulo huutumia bila kujua kwamba nusu ya jina lake ni la mahali penye chuo kikuu.

Kasapa ndiyo kambi kuu ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Chuo hicho kiliundwa kwa amri ya mwaka 1955 kikiwa chuo rasmi cha Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, wengi wao wakiwa watoto wa Wazungu, na kikapitia miaka ya kujitenga kwa Katanga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, kikibadilishwa jina na kupoteza walimu. Kilipoanza kupata mizizi, serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi mwaka 1971 na kuunda Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, jina jipya la Kongo wakati huo, ikagawa vitivo kati ya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, na masomo ya tiba ya binadamu yakakusanywa Kinshasa. Uamuzi huo, uliotetewa kwa hoja ya kubana matumizi, uliidhuru elimu ya biomedikali ya Katanga kuliko vita, kwa maana maabara ya kufundishia haihamishwi kama dawati. Ikihamishwa, mafundi wake hutawanyika, vifaa vyake huharibika njiani, na ule ujuzi wa mikono ambao mwalimu humrithisha mwanafunzi kwa kusimama naye bega kwa bega hukatika. Mwaka 1981 chuo cha taifa kilivunjwa, Lubumbashi ikapata tena uhuru wake, na kitivo cha tiba kikasimama upya kikitumia hospitali za mji, ikiwamo ile ya Sendwe, kuwafundishia wanafunzi wake.

Muda wa kujijenga ulikuwa mfupi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa ndani ya mabweni ya Lubumbashi, Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na serikali ya Zaire, na misaada iliyokuwa ikileta vitendanishi, vitabu na walimu wageni ikakauka. Mgodi nao ulikuwa unaporomoka, kwani Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu kampuni hiyo ilipotaifishwa mwaka 1967, ilishuka kutoka zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 miaka michache baadaye, na hospitali zake, zilizokuwa fahari ya mkoa, zikashuka pamoja nayo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu mengi, na miongoni mwao walikuwamo wauguzi, mafundi wa maabara na walimu ambao pengo lao halikuzibwa. Kila anayeshangaa kwa nini utafiti wa Lubumbashi ulinyamaza katika muongo ule asitafute sababu katika akili za watu wake.

Ngazi za elimu zenyewe zinahitaji maelezo, kwa kuwa mfumo wa Kongo ulifuata desturi ya Kibelgiji na si ile ya Kiingereza iliyozoeleka Nairobi au Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa tiba alianza na graduati, yaani shahada ya miaka mitatu ya kwanza, iliyoitwa graduati ya sayansi za biomedikali na iliyobeba anatomia, fiziolojia, kemia ya mwili na elimu ya vijidudu, kisha akaendelea na mafunzo ya wodini hadi akawa daktari. Neno biomedikali kwa hiyo lilimaanisha daraja la kupitia, na aliyetaka kubaki maabara maisha yake yote alilazimika kutafuta shahada ya juu kwa masomo ya ziada au kwenda nje ya nchi. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliweka mfumo wa ngazi tatu za lisansi, masta na udaktari wa falsafa, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2021–2022 serikali iliamuru ufuatwe katika vyuo vyote. Katika mfumo huo lisansi huhesabiwa kwa krediti 180 na masta kwa krediti 120, krediti zikiwa vipimo vya saa za kazi za mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Kwa mpangilio huu mtu anaweza kuwa mwanasayansi wa maabara bila kuomba radhi kwa kutokuwa daktari wa wagonjwa, na masta si tena kituo cha dharura kwa waliokosa nafasi Ulaya.

Thamani ya kuwa na watafiti wa nyumbani ilikwisha kuonekana kabla hata mfumo huo haujatangazwa. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, akiwamo Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa wakazi wa Katanga, wakaonyesha kwamba walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti, arseniki, risasi, kadmiamu na urani nyingi mwilini kuliko walioishi mbali, na kwamba kiwango cha kobalti kilikuwa cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wasiofanya kazi ya kobalti. Mwaka 2018 kundi hilo lilitangaza uchunguzi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi uliogeuka machimbo katikati ya nyumba za watu, ambako watoto walikutwa na kobalti nyingi zaidi na dalili za madhara katika vinasaba vyao. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine, uliofanywa Lubumbashi kwa kuwalinganisha watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile na waliozaliwa bila kasoro, ulionyesha uhusiano kati ya kasoro hizo na kazi za baba zinazohusu madini. Kwa karibu karne moja tiba ya Katanga ilikuwa imemuuliza mfanyakazi kama ana afya ya kutosha kwa mgodi. Watafiti hawa waliuliza kama mgodi unafaa kwa afya yake na ya mtoto wake, na ni vigumu kuamini kwamba swali hilo lingetoka kwa tabibu aliyelipwa na Union Minière mwishoni mwa miaka ya 1920.

Matatizo ya leo ni ya kila siku na hayana fahari. Maabara ya kisasa huhitaji friji zisizozimika, maji safi na vitendanishi vinavyofika kabla ya muda wake kwisha, na umeme wa Lubumbashi hukatika, ingawa nyaya za Inga, zenye urefu wa kilomita 1,700 hivi na zilizokamilika mwaka 1982, zilivutwa kutoka mto Kongo hadi Kolwezi kwa ajili ya Katanga hii hii, au tuseme kwa ajili ya migodi yake. Mwanafunzi wa masta anayechunguza usugu wa malaria kwa dawa, selimundu au sumu ya madini hutegemea mara nyingi washirika wa kigeni kwa vipimo vya mwisho, na sampuli bado hupanda ndege. Tofauti na zamani ni kwamba jina la mtafiti wa Lubumbashi sasa huandikwa juu ya makala, na mara kwa mara huandikwa la kwanza.

Kuna deni moja linaloweza kulipwa bila umeme wala vitendanishi. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa na Bogumil Jewsiewicki pamoja na wanahistoria wa chuo kikuu akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, umekusanya kumbukumbu za wafanyakazi wa migodi na familia zao. Wauguzi na wasaidizi wa maabara wa Union Minière, wa Gécamines na wa hospitali za serikali wanastahili kazi ya namna hiyo, na walio hai kati yao ni wazee. Familia yenye daftari la zahanati, cheti cha mafunzo au picha ya baba amesimama kando ya hadubini isivitupe, bali ivipeleke chuoni Kasapa au katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, na wanafunzi wa masta wawaendee wazee hao wangali wanaweza kusimulia.